Hukumu Haiondoi Matanga: Mzazi Mfiwa wa Turkana na Dhima ya Kiswahili

Kiswahili kina majina ya watu mbalimbali walioachwa na mauti. Aliyefiwa na mume ni mjane, aliyefiwa na mke ni mgane, na mtoto aliyefiwa na wazazi ni yatima. Mzazi aliyefiwa na mwanawe hana jina la peke yake. Yeye huitwa mfiwa, jina analoshirikiana na kila mwombolezaji. Kisarufi, hata hivyo, jina hilo linafaa kutazamwa kwa makini. Limetokana na kitenzi -fa, kikanyambuliwa kuwa -fia, kisha -fiwa. Kwa hiyo mfiwa si mtu aliyepotelewa na kitu tu, bali ni mtu aliyetendewa kifo: kifo cha mwingine kimemwangukia yeye. Wahenga nao walikwisha kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Makala haya yanamhusu mfiwa wa aina moja, naye ni mzazi ambaye mwanawe aliuawa, mtu akakamatwa na kushtakiwa, kesi ikasikizwa kwa miaka, na hatimaye mshtakiwa akaachiliwa huru au akapewa adhabu ambayo mzazi anaiona kuwa hafifu. Mazingira yanayoangaliwa ni miji ya Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya uchungu anaoondoka nao mzazi huyo mahakamani haitokani na uamuzi wenyewe, bali na jinsi uamuzi huo unavyomfikia kilugha. Jaji hutamka jambo moja, mkalimani akafasiri jambo la pili, na mzazi akasikia jambo la tatu. Pengo hilo linaweza kupunguzwa, na wataalamu wa Kiswahili hawana budi kuchangia kulipunguza.

Safari ya kwenda kusikia

Nchini Kenya shtaka la mauaji husikizwa na Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi, kabla ya Lodwar kupata Mahakama Kuu yake katika muongo wa 2010, kesi za mauaji kutoka Turkana zilisikizwa Kitale, mwendo wa takriban kilomita 300 kutoka Lodwar. Mzazi aliyetoka Kakuma alikuwa na kilomita nyingine 120 hivi za kuongeza juu ya hizo. Siku hizi Mahakama Kuu iko Lodwar, na Kakuma, ambayo awali ilitegemea mahakama ya kuhamahama, ina mahakama yake ya hakimu. Umbali umepungua lakini haujakwisha. Turkana ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 68,000, na wakazi wake wengi ni wafugaji. Shahidi aliyeona tukio karibu na mto Tarach wakati wa kiangazi huenda akawa amevuka na mifugo yake mbali sana siku kesi inapotajwa. Kesi huahirishwa, shahidi hutafutwa, kesi huahirishwa tena.

Ushahidi wa kitaalamu nao husafiri. Maabara ya Mkemia wa Serikali yako Nairobi, Mombasa na Kisumu; hakuna hata moja kati ya miji hiyo iliyo karibu na Turkana. Katika joto la Lodwar, maiti haiwezi kungojea kwa muda mrefu mahali pasipo na jokofu, na jamaa hulazimika kuzika upesi. Mambo haya yote ni ya kawaida kwa afisa wa upelelezi, na aghalabu ndiyo yanayoamua kesi miaka mitatu au minne baadaye. Mzazi huwa hakuambiwa lolote kuyahusu. Anachokijua yeye ni kwamba alizika mtoto, kwamba mtu fulani alitiwa pingu, na kwamba aliahidiwa siku ya hukumu.

Jambo la kwanza linalomshangaza mahakamani ni jina la kesi. Kesi huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la marehemu halimo katika kichwa hicho, wala jina la baba au mama yake. Kwa mujibu wa sheria, aliyekosewa ni Jamhuri, na Jamhuri ndiyo mlalamishi. Mzazi ni shahidi tu, pengine wa kutambua maiti, na baada ya kutoa ushahidi wake hukaa katika viti vya nyuma pamoja na wapita njia. Wazo hilo lina sababu nzuri: linaiondoa kazi ya kulipiza kisasi mikononi mwa jamaa na kuikabidhi dola. Lakini ni wazo geni kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba kifo cha mtoto ni deni kati ya koo mbili. Anapoingia mahakamani akidhani ni kesi yake, kisha akagundua kwamba hakuwa mwenye kesi, jeraha la pili huwa limekwisha kufunguka kabla ya jaji kusema neno.

Mitego ya neno hukumu

Wanafunzi wa etimolojia wanajua kwamba maneno hukumu, hakimu, mahakama na hekima yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Ukoo huo ni mzuri kuutaja darasani. Katika matumizi ya mahakamani, hata hivyo, neno hukumu limebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja. Kwanza, ni uamuzi wa jaji, uwe wa kumtia mtu hatiani au wa kumwachilia. Pili, ni tamko la kumpata mtu na hatia, kama inavyosemwa kwamba fulani amehukumiwa. Tatu, ni adhabu yenyewe, kama katika hukumu ya kifo au hukumu ya kifungo. Juu ya hayo, makanisani na misikitini, Siku ya Hukumu ni siku ambayo yote yaliyofichika yatafichuliwa na kila mtu atalipwa kwa matendo yake.

Basi mzazi anapoambiwa kwamba tarehe fulani ni siku ya hukumu, maana ipi ndiyo inayomjia akilini? Bila shaka ni zile mbili za mwisho, pamoja na ile ya kidini. Anakwenda Lodwar akitarajia ukweli wote uwekwe wazi na mkosaji alipwe. Anachokikuta ni uamuzi wa kisheria ambao unajibu swali moja tu: je, ushahidi ulioletwa mbele ya mahakama hii unatosha kumtia mtu huyu hatiani? Swali la nani alimuua mtoto, na kwa nini, si lazima lijibiwe. Mzazi hudhani kwamba mahakama imekataa kulijibu swali lake, ilhali mahakama haikuwahi kuulizwa swali hilo.

Tatizo hilo huzidishwa na utaratibu wa lugha mahakamani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na kwamba mahakama za chini zitatumia Kiingereza au Kiswahili. Hukumu ya kesi ya mauaji, kwa hiyo, huandikwa na kusomwa kwa Kiingereza. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa. Haki hiyo ni ya mshtakiwa, na inafaa iwe hivyo kwa kuwa uhuru wake ndio ulio hatarini. Mzazi wa marehemu hutegemea huruma ya karani, afisa wa polisi aliye jirani, au binamu aliyesoma. Kwa Mturkana, maneno ya jaji hupita katika Kiswahili kabla ya kufika katika Ng'aturkana, lugha ya Kiniloti isiyokuwa na uhusiano wowote wa nasaba na Kiswahili wala Kiingereza. Huko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, mfiwa anaweza kuwa Msomali, Mdinka, Mnuer, Mrundi au Mkongomani. Hata Mkongomani anayezungumza Kiswahili tangu utotoni amezoea nchi ambayo mahakama zake huendeshwa kwa Kifaransa, na istilahi za kisheria za Kenya ni ngeni kwake.

Tuseme jaji ametamka kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi kwa kiwango kisichoacha shaka ya msingi, na kwa hivyo mshtakiwa anaachiliwa huru. Mkalimani aliyechoka atasema kwa ufupi: hana hatia. Mwandishi wa habari atasema kwamba mahakama imeitupilia mbali kesi. Kauli hizi mbili si za uongo, lakini zinamfikiaje mzazi? Hana hatia, katika masikio yake, ni kusema kwamba hakuna aliyekosa, na kwamba mtoto alikufa pasi na muuaji. Kesi kutupwa ni mtoto kutupwa. Neno shaka nalo humkera kuliko yote. Nani anayetilia shaka kwamba mwanawe alikufa, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyemtambua?

Ni muhimu hapa kutenda haki kwa pande zote. Aliyeachiliwa huru na mahakama ni mtu asiye na hatia mbele ya sheria, na anastahili kuheshimiwa hivyo. Kutia watu hatiani kwa ushahidi dhaifu ili wafiwa wafarijike ni kuongeza msiba mwingine juu ya msiba. Wazazi wa Turkana ambao wana wao wamewahi kukamatwa ovyo wanalijua hilo kuliko yeyote. Kwa hiyo makala haya hayadai kwamba kila kuachiliwa ni dhuluma. Kinachodaiwa ni kwamba kati ya kusema kuwa mtu huyu hakuthibitishwa kuwa na hatia na kusema kuwa mtoto wako hakukosewa, kuna bonde pana, na kwamba mzazi anaachwa alivuke bonde hilo peke yake.

Mizani mbili za haki

Mzazi wa Turkana haji mahakamani akiwa hana dhana ya haki. Miongoni mwa Waturkana, wazee huketi chini ya mti, mahali panapojulikana kama mti wa wanaume, wakasikiliza mambo ya jamii, yakiwemo ya damu. Ukoo wa muuaji hutoa mifugo kwa ukoo wa marehemu. Wasomali nao wana diya, na Wadinka na Wanuer wana fidia ya ng'ombe. Tofauti zao ni nyingi, lakini zote zinakubaliana katika jambo moja: mfiwa husemezwa. Upande wa pili hukiri mbele yake kwamba ametendewa kifo, na kukiri huko huonekana kwa macho na kuhesabika kwa vichwa vya mifugo.

Mahakama za Kenya hazikuufumbia macho utaratibu huo. Katiba, katika kifungu cha 159, inazihimiza mahakama kuzikuza njia mbadala za kusuluhisha migogoro, zikiwemo za kijadi, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka la kuondoa shtaka la mauaji baada ya familia mbili kupatana kwa mila na kulipana mifugo. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali miongoni mwa wanasheria. Baadhi waliuona kuwa ni hekima ya Kiafrika, wengine wakauliza kama uhai unaweza kuuzwa.

Mjadala huo hauwezi kumalizwa hapa, lakini jambo moja halina budi kusemwa. Si kila mfiwa hupata nafuu chini ya mti. Jina lenyewe la mti wa wanaume linatangaza nani mwenye kiti. Mama wa binti aliyeuawa na mumewe anaweza kuwaona wanaume wa koo mbili wakipatana juu ya mbuzi na ngamia ambao hatawamiliki yeye, kisha akaambiwa kwamba shauri limekwisha. Mama huyo huitazama mahakama ya Lodwar kama mahali pekee atakaposikilizwa. Anapotoka huko mikono mitupu, hana pa kurudi. Kwa hiyo anayedhani kwamba dawa ya udhaifu wa mahakama ni kurudisha kesi zote za mauaji kwa wazee hajamtazama mama huyo usoni. Linalofaa kuigwa kutoka kwa wazee ni ule utaratibu wa kumsemeza mfiwa.

Wazazi waliokataa kunyamaza

Historia ya Kenya ina mfano mmoja wa mzazi ambaye hukumu haikumnyamazisha. Septemba 1988, msichana Mwingereza aitwaye Julie Ward, mwenye umri wa miaka 28, aliuawa katika mbuga ya Maasai Mara. Maafisa walielekea kusema kwamba ameliwa na wanyama. Maneno katika ripoti ya uchunguzi wa maiti, yaliyoonyesha kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali, yalibadilishwa. Baba yake, John Ward, aliligundua badiliko hilo na kulipinga. Walinzi wawili wa mbuga walishtakiwa na kuachiliwa huru mwaka 1992. Mshtakiwa mwingine aliachiliwa mwaka 1999. John Ward alikuja Kenya zaidi ya mara 100 kufuatilia kifo cha bintiye, na alifariki mwaka 2023 bila ya kumwona mtu yeyote akitiwa hatiani.

Mfano wa pili unatoka London. Aprili 1993, kijana mweusi Stephen Lawrence, mwenye umri wa miaka 18, alidungwa kisu akingoja basi. Wazazi wake, Doreen na Neville, waliamua kuwashtaki washukiwa wao wenyewe, na mwaka 1996 kesi hiyo ikaporomoka kwa kukosa ushahidi wa utambuzi uliotegemeka. Hawakukoma. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotolewa mwaka 1999 ilieleza mapungufu ya polisi, ukiwemo ubaguzi wa kitaasisi. Mwaka 2003 sheria ya Uingereza ilibadilishwa ili aliyeachiliwa kwa kosa zito aweze kushtakiwa tena ushahidi mpya unapopatikana, na Januari 2012 watu wawili walitiwa hatiani, mmoja wao akiwa miongoni mwa walioachiliwa mwaka 1996. Mlango wa namna hiyo haupo Kenya, kwa kuwa Katiba inakataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo ameachiliwa.

Je, mifano hii ina funzo gani kwa mama wa Kakuma? Kwa upande mmoja ni ya kukatisha tamaa. John Ward alikuwa na mali, pasipoti na wanahabari, na hata hivyo hakufanikiwa. Mama wa Kakuma ana nauli ya safari moja, pengine ya kukopa. Kwa upande mwingine, wazazi hao wote walikuwa na kitu kimoja ambacho hakihitaji mali: walijua hasa ni wapi kesi ilipovunjika. Ward alilijua neno lililobadilishwa. Familia ya Lawrence ilijua ni ushahidi upi uliokataliwa na kwa sababu gani. Lalamiko likieleweka hugeuka swali, na swali linaweza kupelekwa kwa afisa, kwa wakili, kwa mbunge au kwa tume. Lalamiko lisiloeleweka hubaki kifuani na kuoza.

Kuishi baada ya hukumu

Katika Turkana kuoza huko kuna hatari yake. Hii ni nchi ambayo silaha ndogondogo zimezagaa kwa miongo mingi kwa sababu ya wizi wa mifugo na vita vya majirani. Ndugu wa marehemu anayeamini kwamba serikali imetangaza kuwa damu ya nduguye haina thamani anaweza kuamua kuidai mwenyewe. Aliyeachiliwa hakai mbali. Atakutana na jamaa za marehemu katika mnada wa mifugo, kisimani, au katika foleni ya chakula kambini. Kwa hiyo tafsiri mbaya ya sentensi moja ya jaji inaweza kugharimu uhai wa pili, tena uhai wa mtu ambaye mbele ya sheria hana hatia. Kwa kufasiri visivyo, mkalimani anaweza kuianzisha kesi nyingine ya mauaji.

Kuhusu mzazi mwenyewe, kuna kosa ambalo jamii humfanyia bila kukusudia. Humwambia asubiri: kesi ikiisha utapumzika. Matokeo yake ni kwamba matanga hayaondolewi. Kwa miaka mitatu au zaidi mama huahirisha kilio chake, akikihifadhi kwa ajili ya siku ambayo mahakama itasema. Siku hiyo ikiisha vibaya, huwa amefiwa mara mbili kwa siku moja, na mara hii hakuna anayekuja na rambirambi. Majirani waliojaa uani siku ya mazishi hawaji siku ya hukumu. Hakuna desturi ya kumpa mtu pole kwa kushindwa mahakamani, wala hakuna neno lake.

Yapo pia maneno ya kufariji yanayofunga mdomo. Mwachie Mungu ni kauli nzito na ya kweli inapotoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe. Ikitoka kwa chifu aliyechoka kuulizwa, au kwa jamaa wanaotaka amani ya haraka, huwa ni njia ya kumwondoa mlangoni. Imani na haki havigombani. Mama anaweza kumwachia Mungu moyo wake, na wakati uo huo akaenda ofisi ya mwendesha mashtaka kuuliza kama rufaa itakatwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Linalomsaidia, kwa hiyo, ni kuyatenganisha mambo mawili ambayo watu wameyafunga pamoja. Kuomboleza ni kazi yake na ya jamaa zake, na hakuhitaji idhini ya jaji. Kesi ni kazi ya Jamhuri, na inaweza kufaulu au kushindwa bila kuongeza wala kupunguza thamani ya marehemu. Akitengana na kesi kwa namna hiyo, hajaisamehe wala hajaisahau. Ameiweka mahali inapoweza kufuatiliwa bila kumla.

Kazi inayowangoja wana-Kiswahili

Sheria ya Kenya imekwisha kufungua mlango. Kifungu cha 50 cha Katiba kililitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na mwaka 2014 Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ikapitishwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wake, kwa mipaka itakayowekwa na mahakama. Lakini haki iliyoandikwa katika lugha asiyoijua mwenyewe ni kama maji ya Turkweli yanayopita usiku wakati kijiji kimelala.

Kazi ya kwanza ni ya istilahi. Wanaleksikografia wanapaswa kupendekeza, na waandishi wa habari wanapaswa kuzingatia, tofauti kati ya uamuzi, kutiwa hatiani na adhabu, ili neno hukumu lisiendelee kubeba yote matatu. Kauli kama hatia haikuthibitishwa inastahili kutumiwa pale ambapo ndicho alichokisema jaji. Kauli ya kesi kutupwa inafaa kuachwa kabisa katika habari za mauaji. Tanzania iliamua mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na majaji wake sasa wanakabiliana na kazi ya kuandika hukumu kwa lugha hiyo. Wana-Kiswahili wa Kenya wana fursa ya kujifunza kutokana na mafanikio na matatizo ya jirani.

Kazi ya pili ni ya ukalimani. Idara za Kiswahili hufundisha tafsiri ya fasihi kwa bidii, na ukalimani wa mahakamani kwa nadra. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kwenda Lodwar au Kakuma, akasikiliza jinsi sentensi moja ya kisheria inavyosafiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha hadi Ng'aturkana, Kisomali au Kidinka, na akaeleza kinachodondoka njiani. Utafiti wa namna hiyo ungekuwa na manufaa zaidi kuliko uchambuzi wa kumi wa riwaya ileile.

Kazi ya tatu ni ndogo na inawezekana hata sasa. Kila hukumu ya mauaji iambatane na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu na chepesi, unaojibu maswali manne: mahakama imeamua nini, kwa sababu gani, uamuzi huu hausemi nini, na ni nani anayeweza kuchukua hatua inayofuata. Katika jibu la mwisho mzazi angesoma, au angesomewa, kwamba uamuzi wa kukata rufaa dhidi ya kuachiliwa uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kwamba anaruhusiwa kwenda kuuliza. Muhtasari huo usomwe mbele ya familia kabla haijatoka katika ua wa mahakama, na mkalimani awepo.

Watakuwepo watakaosema kwamba haya ni kupaka rangi nyumba yenye ufa. Tatizo, watasema, ni upelelezi duni, mashahidi wasiolindwa na maabara yaliyo mbali, na hakuna ufasaha utakaomfufua shahidi aliyetoweka. Hoja hiyo ina ukweli, na Kiswahili hakidai kuchukua nafasi ya upelelezi. Lakini ni nani atakayeidai maabara karibu na Turkana, kama si wazazi wanaojua kwamba kesi ya mtoto wao ilivunjika kwa kukosa maabara? Maadamu wanaambiwa tu kwamba kesi imetupwa, watamlaumu jaji, au kabila la jaji, au mshtakiwa aliyerudi nyumbani, na ofisi iliyozembea itabaki salama.

Mama wa Kakuma atarudi kwake jioni hiyo kwa barabara ileile, na mtoto wake hatakuwepo. Hakuna tafsiri itakayolibadilisha hilo. Linaloweza kubadilika ni kile atakachowaambia waliobaki nyumbani wakimngoja. Anaweza kuwaambia kwamba serikali imesema hakuna aliyemuua mtoto wetu. Au anaweza kuwaambia kwamba jaji amekiri kuwa mtoto wetu aliuawa, kwamba ushahidi dhidi ya mtu yule haukutosha kwa sababu mashahidi wawili hawakuletwa, na kwamba kesho asubuhi atakwenda kuuliza kwa nini hawakuletwa.